Kasi Isubiri: Siku za Kwanza na Bagi ya Rimoti

Gari la rimoti linalokimbia kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Likigonga ukingo wa barabara kwa mwendo huo, kishindo chake ni sawa na kuliangusha kutoka mita 25 juu, dirisha la ghorofa ya nane. Naanza na hesabu hii kwa sababu karibu kila anayeniuliza kuhusu bagi, yale magari ya vumbini yenye shokapu ndefu na tairi za vinundu, swali lake la kwanza ni kasi.

Tuchukue mfano wa ARRMA Typhon 3S. Ukubwa wake ni moja ya nane, magurudumu yote manne yanavuta, na mtengenezaji anataja kasi ya zaidi ya maili 50 kwa saa, ndizo hizo kilomita 80. Mota yake haina brashi na imeandikwa 3200KV, maana yake kila volti moja huizungusha mara 3,200 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Ipe betri ya seli mbili, volti 7.4, itazunguka mara 23,680. Ipe ya seli tatu, volti 11.1, itapanda hadi 35,520. Gari ni lilelile. Kilichobadilika ni betri tu. Basi anza na seli mbili. Waliojifunza kwa Grasshopper ya Tamiya, iliyotoka Japani mwaka 1984, walibahatika: mota yake ndogo ya aina ya 380 iliwapa nafasi ya kukosea.

Mpwa wangu alipokuja likizo nilimkabidhi rimoti, nikamwonya kwa mdomo tu. Gari lilienda vizuri mpaka mwisho wa kiwanja, likageuka kurudi, na papo hapo likakimbilia ukutani. “Mjomba, mbona linageuka lenyewe?” Halikugeuka lenyewe. Gari likikuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako, na mkono hauamini jambo hilo hata kama akili inalijua. Dawa yake ni mazoezi ya polepole. Jaza mchanga chupa mbili, zitenganishe hatua kumi, uzizungukie kwa mchoro wa namba 8, ukijiona umekaa ndani ya gari. Rimoti nyingi zina swichi ya kubana nguvu hadi asilimia 50, iwashe. Mimi sikuiwasha siku ile, na mkono wa mbele wa gari ukakatika.

Kwenye betri nitakuwa mkali. Lipo, yaani betri za lithiamu polima, zina nguvu nyingi katika umbo dogo, na zikitendewa vibaya huwaka moto. Seli iliyojaa ina volti 4.2, ikishuka chini ya 3 inaharibika. Kidhibiti cha mota hukata umeme kabla ya hapo, ila hakikisha kimewekwa kwenye lipo, kwa kuwa kikiwa kwenye NiMH, aina nyingine ya betri, hakitailinda. Betri ya mAh 5,000 ichaji kwa ampea 5, kwa chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na mkeka. Usilale wala usitoke ikiwa kwenye chaja. Iliyovimba usiichaji tena hata mara moja. Ukijua hutacheza wiki nzima, iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli, pahali pa baridi.

Nyasi ndefu nazo ni hatari. Zinabana magurudumu, mota inavuta umeme mwingi, na joto linapanda upesi. Baada ya dakika tano simamisha gari uguse mota kwa uangalifu. Kama kidole hakivumilii, ipumzishe, na ufikirie kufunga gia ndogo zaidi kwenye shafti yake. Unapoifunga, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya meno ya gia mbili, kaza skrubu, kisha kitoe. Nafasi inayobaki inatosha meno yasisagane.

Ukishamaliza betri kumi hivi, tafuta kichuguu. Hewani gari halina pa kushika, lakini bado unaweza kuliongoza: ukizizungusha tairi kwa kasi zaidi, bodi nzima hujibu kwa kuzunguka kinyume, pua ikainuka, ukifunga breki, pua inashuka. Kwangu hakuna raha inayozidi hiyo katika mchezo huu.

Mpwa wangu alikaa na zile chupa wiki mbili. Aliporuka mara ya kwanza, pua ilianza kuzama. Alibana triga kidogo tu, ikanyanyuka, gari likatua kwa tairi zote nne na kuendelea.