Karata si ulozi

Ndugu wanafunzi, mdogo wetu wa mwaka wa kwanza aliitwa mulozi bule, sababu alitambua karata ya mwenzake. Kule Uingereza Reginald Scot aliandika tangu 1584 kwamba michezo hii ni wepesi wa mikono tu.

Sisi tulijifunza peke yetu, na siri iko hivi: angalia kwa wizi karata ya chini kabisa, tuseme saba ya moyo. Mwenzako achague yake, aiweke juu ya zote, kisha akate fungu, nusu ya chini ipande juu. Funua moja moja toka juu: inayofuata ile saba ndiyo yake. Asichanganye, hapana! Mikono itatetemeka, yetu iliangusha zote 52.

Jumamosi mdogo wetu atawaonyesha, nasi tutakaa kando yake.