Steringi Anakufa: Mazombi ya Mfuko Mwembamba

Walichanga watu kumi, kila mmoja dola 600. Kwa hizo dola 6,000, kundi la watengeneza matangazo ya biashara wa Pittsburgh, Marekani, likaanza kupiga filamu ya wafu wanaofufuka na kula watu. Hadi Night of the Living Dead ya George Romero inatoka mwaka 1968, ilikuwa imekula takriban dola 114,000, ambazo kwa Hollywood ni chenji. Damu ilikuwa sosi ya chokoleti. Kwenye picha za nyeusi na nyeupe nani angejua? Matumbo yaliyotafunwa na mazombi yalitoka buchani. Nyumba ya shambani walimojifungia wahusika ilikuwa inasubiri kubomolewa, hivyo kuvunja madirisha hakukumgharimu mtu.

Msomaji wa Kiswahili anamjua ndugu wa kiumbe huyu: msukule. Katika simulizi za Tanzania, msukule ni mtu aliyezikwa, kumbe amechukuliwa kichawi na anamlimia bwana wake usiku. Zombi wa Haiti, aliyeingia kwenye sinema mwaka 1932 kupitia White Zombie, alikuwa vivyo hivyo, mtumwa wa kusukuma kinu cha miwa. Romero alimwondoa bwana, akaweka njaa. Kwa maskini wa sinema hiyo ilikuwa zawadi: zombi wake hana maneno ya kukariri, huvaa nguo alizotoka nazo nyumbani, na hutembea kama mlevi. Jirani yeyote anaweza.

Kukosa studio kulileta uhuru pia. Vijana wa vibanda vya video husema steringi hafi. Wa Romero anakufa. Ben, anayeigizwa na Duane Jones, mwigizaji Mweusi, anaokoka usiku kucha, kisha asubuhi raia wenye bunduki wanamdhania zombi na kumpiga risasi. Filamu ilitoka miezi sita tu baada ya Martin Luther King kuuawa.

Wengi walioiga walichukua damu wakaacha hadithi. Ndipo yanapokuja mazombi matano yanayojifanya jeshi, moto wa kompyuta usiounguza kitu, na waigizaji wanaosoma maneno badala ya kuyasema. Sauti ndiyo huwaumbua zaidi. Mtazamaji husamehe picha yenye giza, lakini mazungumzo yanayomezwa na upepo humchosha upesi. Hata kazi yenye akili haiponi. Colin ya Marc Price wa Uingereza, iliyotoka 2008 na kutangazwa kuwa iligharimu pauni 45, ina wazo zuri la kumfuata zombi mwenyewe tangu anapoumwa. Ila kamera yake ya mkononi inatikisika mno, na katika mapambano ya ndani ya nyumba ni kazi kujua nani anamla nani.

The Battery ya Jeremy Gardner (2012) ilijua mipaka yake. Bajeti ilikuwa dola 6,000, kiasi kile kile alichoanza nacho Romero. Karibu na mwisho, vijana wawili wamekwama ndani ya gari, mazombi yamewazingira, na kamera inagoma kutoka nje. Kishindo cha mikono juu ya bodi kinatosha.

Mjapani Shinichirō Ueda alikwenda mbali zaidi. One Cut of the Dead (2017), ya yeni milioni 3, huanza na dakika 37 za shoti moja isiyokatwa, na ni mbovu kwelikweli: waigizaji wanaduwaa, mazungumzo yanapotea njia. Anayeondoka hapo amejipunja. Nusu ya pili inaonyesha nyuma ya kamera yalikuwa yakitokea nini, na kila kosa linageuka kichekesho. Japani peke yake ilivuna zaidi ya yeni bilioni 3.

Romero hakuvuna hivyo. Msambazaji alipobadilisha jina la filamu, tangazo la hakimiliki likasahaulika, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma. Kila mwenye mashine ya kunakili aliiuza. Mwaka 1990 Romero aliandika toleo jipya la rangi, likaongozwa na Tom Savini, sababu mojawapo ikiwa kosa lile la hakimiliki. Ile ya 1968 hadi leo inapakuliwa bure.