Taimauti: Akiba Tatu za Kocha wa Mpira wa Kimarekani

Kila nikiutaja mpira wa Kimarekani barazani, swali huwa moja: mbona wale watu husimama kila mara? Jibu langu ni kuwa kule saa nayo ni mpinzani, na kuisimamisha kuna bei yake.

Katika ligi ya NFL, mechi ni robo nne za dakika 15. Kila timu hupewa taimauti tatu katika kila kipindi. Twaambiwa akiba haiozi, lakini hii huoza: usipozitumia kabla ya mapumziko, huvuki nazo kipindi cha pili. Tena kocha akipinga uamuzi wa refa na picha za video zikamkataa, hupokonywa moja.

Saa yenyewe ina tabia zake. Pasi ikianguka bila kudakwa, husimama. Lakini mwenye mpira akiangushwa ndani ya uwanja, saa huendelea, na timu yake ina sekunde 40 za kuanza jaribio jingine.

Chukua mfano. Zimebaki dakika mbili, timu inayoongoza ina mpira, nawe huna taimauti. Mchezaji wao hupokea mpira, hupiga goti, kisha husubiri sekunde zake 40. Wakifanya hivyo mara tatu, mechi imekwisha nawe watazama tu. Ukiwa na zote tatu, waisimamisha saa baada ya kila jaribio. Wasiposonga yadi 10, hukulazimu kulia tena: wataupiga mpira uje kwako, nawe utakuwa na zaidi ya dakika moja na nusu ya kutafuta ushindi. Ndiyo maana kocha anayezimaliza mapema, eti wachezaji wamechelewa kujipanga, huja kujuta mwishoni.

Hata hivyo, kuna wakati hekima ni kutoitumia. Tarehe 1 Februari 2015, katika fainali ya Super Bowl, New England Patriots walikuwa wakiongoza 28-24. Seattle Seahawks wakafika yadi moja tu kutoka mstari wa kufungia, ikibaki takriban dakika moja. Wengi walitarajia kocha wa Patriots, Bill Belichick, aisimamishe saa, ili Seattle wakifunga naye abaki na muda wa kujibu. Taimauti alikuwa nazo. Akanyamaza.

Saa ikakimbia hadi sekunde 26. Seattle walikuwa na majaribio matatu lakini taimauti moja. Kukimbia na mpira mara zote tatu kusingetosha katika muda huo. Ilibidi angalau mara moja warushe pasi, maana isipodakwa saa husimama bure. Wakairusha mara hiyo hiyo. Malcolm Butler, beki aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, akainyakua, na ubingwa ukaenda New England.

Wapo wasemao Belichick alibahatika, na kwamba Seattle wangefunga angelaumiwa hadi leo. Mimi naona kuwa taimauti yake ingewapa pia wapinzani nafasi ya kuvuta pumzi na kupanga. Kwa kunyamaza, aliwatwika wao mzigo wa saa.

Basi siku ukiutazama mchezo huu, usiangalie pointi peke yake. Angalia pia kila kocha amebakisha taimauti ngapi.