Anayepanda mikoko bure ana ugonjwa gani?

Kila msimu wa kupanda miti, wasomaji huniletea swali lilelile: mtu mwenye akili timamu anawezaje kushinda kwenye tope la Gazi, kule Kwale, akichomeka mbegu za mkoko, ndefu kama rula, bila kulipwa hata senti? Wengine wameshajijibu wenyewe: "Kuna posho wanaificha."

Hakuna kinachofichwa. Robert Ryan, Rachel Kaplan na Robert Grese waliwachunguza watu wanaojitolea kutunza mazingira jimboni Michigan, Marekani, na matokeo yakachapishwa 2001. Wengi walianza kwa hamu ya kusaidia mazingira na kujifunza. Waliodumu walidumishwa na jingine: wenzao, na kazi iliyopangwa vizuri.

Lakini la posho ndilo tamu. Mwaka 2000 Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha jaribio lililofanyika Israeli. Wanafunzi 180 wa sekondari, wawili wawili, walipita nyumba kwa nyumba wakichangisha fedha za hisani. Kundi moja lilipewa maneno ya kutia moyo tu. La pili liliahidiwa asilimia 1 ya makusanyo, la tatu asilimia 10, na malipo hayo hayakumegwa kwenye mchango wenyewe. Nani walikusanya nyingi zaidi? Wasiolipwa! Wa asilimia 10 wakafuata, wa asilimia 1 wakashika mkia. Tazama hapo: pesa kidogo haikujazia ari iliyokuwapo, iliifukuza. Ukiombwa msaada unajipima kwa utu wako na macho ya majirani. Ukitajiwa bei, papo hapo unapiga hesabu za kibarua, na kwa hesabu hizo asilimia 1 ni matusi. Tena hata ile asilimia 10 haikuwafikisha pale walipokuwa wenzao waliotoka mikono mitupu.

Sisemi watu wafanyishwe kazi bure. Kibarua alipwe, tena alipwe vizuri. Gazi na kijiji jirani cha Makongeni wana njia yao. Mradi wa Mikoko Pamoja, unaofanya biashara ya kaboni tangu 2013 kwa hekta 117 za mikoko, hupeleka mapato kwenye maji na vitabu vya shule. Pesa ipo, ila ni ya kijiji.

Halafu kuna hawa wa semina, wanaouza tiketi, na sasa hata unga wa kopo, eti wa "kuamsha dopamini ya kujitolea", ile kemikali ya ubongo. Upuuzi mtupu. Kweli, mwaka 2006 Jorge Moll na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu wakaona kuwa kutoa mchango huamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamka mtu anapopokea pesa. Walichohitaji watu hao ni nafasi ya kutoa. Unga haukuhusika.

Viongozi wa vikundi, basi: angalieni saa za maji kupwa kabla ya kuita watu, zana ziwe tayari, msipande mkoko mbele kabisa baharini ambako ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko, na warudisheni watu wakaone miche iliyoshika. Kama posho haipo, semeni siku ya kwanza.