Taa ya Tangi la Samaki Ndiyo Chakula cha Mwani

Mwenye tangi la samaki sebuleni akiondoa taa ya mrija na kufunga ya LED, siku za mwanzo hufurahi: maji yanang'aa na rangi za samaki zinaonekana vizuri. Wiki mbili tatu zikipita, kioo kinaota madoa ya kijani yasiyotoka kwa sifongo, na majani ya mimea yanaanza kufunikwa na nyuzi. Lawama huangukia chakula, maji ya bomba au kichujio. Taa haishukiwi, ingawa ndiyo pekee iliyobadilika.

Mwani hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga, kaboni dayoksaidi na virutubisho kama naitreti na fosfeti, ambavyo hutoka kwenye kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Ndani ya tangi virutubisho hivyo havikosekani, kwa hiyo mara nyingi breki iliyobaki ni mwanga. Ukiongezwa ghafla, mimea mikubwa huchelewa kuuzoea. Mwani hauchelewi: ule wa seli moja unaogeuza maji kuwa ya kijani huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja.

Mwani wenyewe si uchafu. Katika miamba ya Ziwa Tanganyika, pande za Kigoma, jua hupenya maji maangavu na kuyavika kijani mawe yote ya kina kifupi. Samaki wa jamii ya Tropheus, wanaopendwa sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani, hula mwani wa mawe hayo kutwa nzima kwa meno yao madogo. Kinachoota kinaliwa. Ndiyo maana baadhi ya wanaowafuga huwasha taa kali makusudi, ili mawe yaote. Tangi la samaki wasiokula mwani halina mlaji huyo, hivyo kipimo cha mwanga kinabaki mikononi mwa mwenye nyumba.

Tangi lenye mimea hutosheka na saa 6 hadi 8 za taa kwa siku. Kwetu karibu na ikweta mchana una saa kama 12 mwaka mzima, kwa hiyo tangi lililo dirishani limeshashiba kabla swichi haijabonyezwa, lisogezwe. Taa mpya ianze kwa saa chache au iinuliwe juu kidogo, kisha iongezwe taratibu kwa wiki kadhaa. Swichi yenye saa husaidia kuliko kumbukumbu.

Maji yakishakuwa ya kijani, zima taa na ulifunike tangi kwa siku 3, lakini pampu ya hewa isizimwe. Usiku mwani nao hutumia oksijeni, na ukifa huoza na kuimaliza zaidi. Samaki wanaotweta juu ya maji alfajiri wanakosa hewa. Ukifunua, badilisha sehemu ya maji.

Dawa ya kuua mwani iwe ya mwisho kabisa. Zenye shaba huua kamba wadogo, na chanzo hubaki kinawaka juu ya tangi. Anayetaka wageni wafurahie samaki wake jioni, awashe saa kumi alasiri na azime saa nne usiku. Hizo ni saa 6, na zinatosha.