Vivutio vya Gusii vyawangoja wageni wanaopita

MSAFIRI atokaye Sotik kuelekea Kisii hupitia Keroka, mji uliokaa juu ya mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira, na aghalabu hashuki garini ila kununua ndizi. Ilhali kwa mgeni atakayelala Gesima, wadi ya majani chai na migomba katika eneo bunge la Kitutu Masaba, vivutio vya Gusii vyaweza kuzuriwa kwa siku mbili bila haraka.

Siku ya kwanza ni ya Manga. Hapa ardhi imekatika ghafla na kufanya magenge marefu. Aliyesimama juu huuona mji wa Kisii ukiwa umetandazwa chini yake, na hewa ikiwa safi, Ziwa Victoria huonekana kwa mbali. Heri kufika asubuhi, kwani nyanda hizi hunyeshewa sana alasiri na mawe huteleza. Katika magenge hayo mna Ngoro ya Mwaga, shimo linaloheshimiwa na wenyeji tangu jadi. Ni adabu kuongozwa na mzee wa hapo.

Siku ya pili huanzia mjini Kisii. Mwaka 1908, Otenyo alimchoma mkuki afisa Mwingereza, Northcote, na Wagusii wakaadhibiwa vikali kwa kisasi hicho. Septemba 12, 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Waingereza na Wajerumani walipigana papo hapo.

Kutoka mjini, safari huelekea kusini magharibi hadi Tabaka, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni. Jiwe hili huwa jeupe, la waridi au la kijivu, na kwa kuwa lina ulanga, ni laini kiasi cha kuchongwa kwa panga na kisu. Wanaume huchimba na kuchonga. Wanawake hulisugua kwa msasa ndani ya maji hadi ling'ae, kisha hulipaka nta.

Hapo ndipo penye suala zito. Vinyago vya Tabaka huuzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo, na kila mkono vinamopitia huongeza bei. Mchongaji, ambaye hukabiliwa na vumbi na hatari ya machimbo kuporomoka, hubaki na sehemu ndogo. Mgeni anunuaye Tabaka kwenyewe humlipa mwenye jasho.

Yafaa serikali za kaunti hizi mbili, zilizowahi kuvutana kuhusu ushuru wa Keroka tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, zitambue kuwa mtalii hajui mpaka. Manga iko Nyamira, Tabaka iko Kisii, na safari ni moja. Vibao vya barabarani, ua kwenye ukingo wa magenge na vijana waliofunzwa kuongoza wageni vingetosha kuanzia.