Neno "Diversity": Maana, Asili na Matumizi Yake

Msomaji wa theolojia hukutana na neno la Kiingereza diversity karibu kila afunguapo taarifa ya mkutano wa kiekumene. Kwa kawaida tunalifasiri "tofauti". Tafsiri hiyo si kosa, lakini ina hatari yake, kwa kuwa katika Kiswahili watu "wenye tofauti zao" ni watu waliokosana. Makala hii inakusudia kuonyesha neno hili lilikotoka, na kwa nini tafsiri yake inagusa mafundisho yetu.

Asili na matumizi

Kiingereza kililipokea neno hili kutoka Kifaransa cha kale, nacho kutoka Kilatini, diversitas. Ndani yake mna kitenzi vertere, yaani kugeuza. Hivyo diversus ni aliyegeukia upande mwingine. Si ajabu basi kwamba katika Kifaransa cha kale neno hili liliweza kutaja hata ukaidi na uovu. Baadaye ubaya huo ulififia, ikabaki maana ya kuwapo kwa vitu vya namna nyingi. Wanabiolojia nao wamelitumia kutaja wingi wa aina za viumbe. Nchini Marekani, hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Bakke, mwaka 1978, ililiingiza katika mjadala wa kupokea vyuoni wanafunzi wa rangi mbalimbali.

Neno la Mtume

Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya 1611 waliliweka katika 1 Wakorintho 12:4, mahali ambapo Union Version yetu ina "tofauti". Lakini neno la Kigiriki hapo ni diairesis, litokanalo na kitenzi cha kugawa. Katika Agano Jipya kitenzi hicho kimo mahali pawili tu: mstari wa 11 wa sura hiyohiyo, Roho agawapo karama, na Luka 15:12, baba awagawiapo wanawe mali. Kwa hiyo Paulo hasemi habari za watu waliogeuziana migongo. Anasema habari za watu waliogawiwa na mkono mmoja.

Dar es Salaam, 1977

Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wake wa sita Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mkutano huo ulikubali shabaha ya umoja katika tofauti zilizopatanishwa: kila kanisa lidumu na urithi wake, ila urithi huo usiwe tena sababu ya utengano. Mkutano huohuo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la ukiri wa imani. Matamko hayo mawili yategemeana. Watetezi wa ubaguzi nao waliusifu wingi wa mataifa, kila taifa na mahali pake, wakaufanya kuwa ukuta. Mwaka 1984, huko Budapest, Fungamano lilisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika.

Hitimisho

Panapotajwa wingi wa aina, yafaa tuseme "namna mbalimbali" au "anuwai". Tunapohubiri 1 Wakorintho 12, tuseme waziwazi kwamba karama zimegawiwa. Msharika asikiaye "tofauti" peke yake aweza kudhani anaombwa amvumilie jirani yake. Mtume anamwambia zaidi ya hayo: jirani huyo ameshika sehemu ya urithi ambayo yeye hakupewa, na bila huyo hataipata.